Mikono Miwili, Kosa Moja

Mama Sindano alibisha hodi kama mtu aliyeona kioja na anaogopa kukicheka peke yake. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameketi sebuleni akifuta miwani yake baada ya kifungua kinywa, alimkaribisha na kumwonyesha kiti. Mama huyo alikuwa mshonaji wa nguo, na hata siku asipokuwa kazini alitembea na futi ya kupimia shingoni, mithili ya mkufu.

"Mwalimu, simu yangu imezaa," alisema kabla hajakaa.

"Keti kwanza. Simu haizai."

"Yangu imezaa, mzee wangu. Nilikuwa na punje mia moja. Simu ni mpya, nikataka kuijaribu, nikajitumia thelathini, mimi kwangu mimi. Sasa tazama. Mia na thelathini!"

"Utakuwa umelipwa na mteja."

"Mteja gani? Wateja wangu wote ni watu wa 'nitakuletea kesho'."

Mwalimu alivaa miwani. Hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa sababu limesemwa kwa sauti kubwa. Aliichukua simu, akamwambia mama huyo ajitumie tena, punje kumi tu, naye akakodoa macho kwenye kioo kama askari wa forodha mbele ya mzigo uliofungwa vizuri mno. Salio likapanda, likawa mia na arobaini. Hakuna kitu kingine kilichotokea. Mashine ndogo ya ushirika iliyokuwa juu ya kabati iliendelea kuwaka taa yake ya kijani, imenyamaza kimya.

Kimya hicho ndicho kilichomshtua Mwalimu.

Punje ilikuwa sarafu ya mtandaoni ya ushirika wao wa mafundi na wachuuzi. Waliianzisha baada ya mhasibu wao wa zamani kuondoka na kisanduku pamoja na kufuli lake. Tangu hapo waliapa kwamba fedha yao haitakuwa na mtunzaji mmoja. Kila mwanachama mwenye mashine aliweka kumbukumbu yote ya malipo, na malipo mapya hayakupita mpaka mashine zote zikubaliane. Lakini mashine hufuata programu, na programu huandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Kwa hiyo wakaamua ziandikwe programu mbili, na watu wawili wasioonana kazini, kila mmoja akisoma Kanuni zilezile kwa macho yake mwenyewe. Nusu ya mashine zilitumia programu ya kwanza, nusu ya pili. Mmoja akikosea, mashine za mwenzake zingekataa, na zote zingelia mlio wa kuudhi hadi watu waje watazame. Mlio huo ndio uliokuwa mlinzi wao.

Sasa fedha ilikuwa imezaliwa bila mama wala baba, na mlinzi hakukohoa hata kidogo.

"Rudi dukani," Mwalimu alimwambia mshonaji. "Usijitumie tena, wala usimwambie mtu."

"Mdomo nimeushona, Mwalimu. Tena kwa uzi wa viatu."

Mwalimu alimpigia mwenyekiti wa ushirika, muuza vipuri mwenye sauti ya kukwaruza. Mwenyekiti aliagiza malipo yote yasimamishwe na kuitisha mkutano wa jioni. Kisha akasema neno ambalo Mwalimu alikuwa amekwisha kulifikiria, ila hakupenda kulisikia kinywani mwa mwingine.

"Mwalimu, programu mbili zikose mahali pamoja, kosa lilelile? Hapo kuna aliyechungulia kwa mwenzake. Wewe ndiye mlinzi wa Kanuni. Tuletee jibu: nani kamnakili nani. Na nikuambie ukweli, watu wanamtazama mkweo. Kichwa, aliyeandika ile ya kwanza, ni mhandisi mkubwa, hana haja ya kunakili. Ikiwa ni binti, tutamtoa, programu yake tutaifuta, tutabaki na ile moja."

"Mkibaki na moja, nani atalia ikikosea?"

"Hata hizi mbili hazikulia, Mwalimu."

Simu ikakatwa.

Maisha yake yote alikuwa amesahihisha mitihani, na wanafunzi walimpa jina la Wembe, jina alilojifanya halijui. Katika kazi hiyo alijifunza jambo moja ambalo hakuna chuo kilichomfundisha. Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi, huwezi kuwashuku, maana jibu sahihi halina mwenyewe. Kila mwenye akili hulifikia kwa njia yake. Lakini wakikosa, tena wakakosa sawasawa, hapo wasogeze madawati. Kosa lina baba yake. Na mara zote aliposogeza madawati, baba wa kosa alipatikana.

Safari hii dawati moja lilikuwa nyumbani kwake. Programu ya pili iliandikwa na mkaza mwana wake, mke wa kitinda mimba wake, katika chumba kidogo kilichokuwa zamani stoo ya mahindi. Mwanawe alifanya kazi mbali, na nyumba ilibaki na watu wawili, mzee na binti, wakiheshimiana kama majirani wanaogawana ukuta. Alimjua kuwa mwepesi wa kazi na mzito wa maneno. Alijua pia kwamba kwa majuma mengi kazi yake ilikwama, kisha ghafla, siku moja baada ya chai, ikaanza kwenda mbio kama maji yaliyofunguliwa. Wakati ule alifurahi. Sasa alijiuliza ni nani aliyeyafungua.

Tena kulikuwa na mwavuli. Ulisimama nyuma ya mlango wa mbele, mweusi, mpini wake wa mti umechongwa kichwa cha bata. Mwalimu aliujua. Mtu mmoja tu katika mji mzima alitembea na bata wa mti, naye ni Kichwa. Kichwa na binti walikuwa wameapa mbele ya ushirika kwamba hawatakutana kwa habari ya kazi. Basi mwavuli wa Kichwa ulifuata nini nyumbani kwake?

Alivaa koti, akatoka bila kumuaga yeyote.

Ofisi ya Kichwa ilikuwa orofani, juu ya karakana ya betri, na harufu ya tindikali ilipanda nayo ngazi. Mhandisi mwenyewe, mtu mzima aliyekuwa mwanafunzi wa Mwalimu enzi za kaptula, alikuwa kati ya skrini tatu na feni iliyotikisa kichwa kama inakataa kila jambo. Alisimama alipomwona mgeni wake. Waliosoma kwa Wembe walisimama hadi uzeeni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia. Nimeijaribu sasa hivi, ni kweli. Aibu imeniingia mpaka kwenye soksi."

"Marahaba. Programu ya mkaza mwana wangu umewahi kuiona?"

"Hata kwenye ndoto. Wala yeye hajaiona yangu, labda kama aliingia dirishani. Hiyo sehemu mimi niliiandika kama vile—"

"Sikuulizi uliiandikaje. Ulifika nyumbani kwangu au hukufika?"

"Nilifika, ndiyo, lakini si unakumbuka—"

"Inatosha."

"Mwalimu, niache basi nimalize sentensi!"

"Sentensi yako utaimalizia mkutanoni," alisema Mwalimu, naye akashuka ngazi, huku nyuma mhandisi akibaki amefungua mikono kama mtu aliyeangusha sahani.

Njia nzima ya kurudi alijenga kesi yake, tofali juu ya tofali. Amefika nyumbani; amekiri. Kazi ya binti ilikwama, kisha ikakimbia. Makosa ni mapacha. Kila tofali lilikaa sawa. Hata hivyo, moyo haukutulia. Ikiwa ni kweli, ilimpasa asimame mbele ya watu na kumtaja mke wa mwanawe kuwa mwizi wa kazi ya mtu, na jina la namna hiyo halifuliki. Ikiwa angenyamaza ili kumficha, akiba za watu wote zingening'inia kwenye uzi mmoja wakidhani ni miwili. Aliomba moyoni apewe nguvu ya kusema kweli, bila kujua alichokuwa akikiomba.

Alimkuta jikoni, mikono ndani ya povu. Akaunyanyua mwavuli mbele yake.

"Huu ni wa nani?"

"Wa Kichwa, baba."

"Unalisema bila haya!"

"Nimwonee haya bata wa mti?" Binti alikausha mikono taratibu. Habari za simu ya Mama Sindano alikuwa amekwisha kuzipata. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kulia na kunawa. "Baba, unaniuliza au unanihukumu? Kama unanihukumu, niache nimalize vyombo. Kama unaniuliza, basi safari hii usinikatize."

Hakuna aliyewahi kumwambia Wembe maneno hayo chini ya dari yake mwenyewe. Alivuta kiti, akaketi.

"Ninauliza. Mtu akijitumia punje, programu yako inaziongeza. Kwa nini?"

"Kwa sababu inasoma salio la mtumaji na la mpokeaji kabla ya kuandika chochote. Watu wakiwa wawili, hakuna tabu. Lakini akiwa mmoja, inasoma mia, inasoma mia tena. Inaandika sabini, kwa kuwa ametuma thelathini. Halafu inarudi kwenye ile mia ya pili iliyoisoma mwanzo, inaongeza thelathini, inaandika mia na thelathini juu ya ile sabini. Sabini imefutika. Ingesoma salio la mpokeaji baada ya kupunguza, isingetokea."

"Na kwa nini uliisomesha yote mawili kabla?"

Binti alimtazama. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na kitu kilichofanana na huruma, na Mwalimu hakukipenda.

"Kwa sababu uliniambia wewe, baba."

"Mimi?"

"Ulikuwa umekaa hapo hapo, unakunywa chai. Kazi ilikuwa imenikwama, Kanuni hazisemi. Nikakuuliza: baba, salio la mpokeaji nilisome lini, kabla ya kumpunguza mtumaji au baada? Hata kikombe hukukiweka chini. Ukasema, 'Hesabu safi husomwa yote kabla kalamu haijagusa karatasi.' Nikaona ni neno la busara. Nikaenda, nikaandika."

Povu lilikuwa likipasuka kwenye beseni, na Mwalimu aliisikia kila pumzi yake. Maneno yale aliyatambua. Yalikuwa yake, pamoja na mwendo wake wa mimbari. Alikuwa ameyatoa bila kuyawazia, kama mtu anavyorudisha salamu.

"Na mwavuli?" aliuliza, ijapokuwa sauti ilikuwa imekwisha kupungua.

"Alikuja kukuona wewe. Mimi nilimfungulia mlango, nikaingia chumbani nikajifungia, kama tulivyoapa. Mvua ilikuwa imekatika alipoondoka, akausahau. Nilidhani utamrudishia."

Hapo ndipo yalipomjia yote. Kichwa kwenye kiti cha sebuleni, magoti pamoja kama darasani, akisema amesumbuliwa na jambo dogo ambalo Kanuni hazikuligusa. Akauliza swali lilelile kwa maneno mengine. Na yeye, mzee, jinsi alivyovimba kwa furaha kwamba mhandisi wa skrini tatu bado anakuja kuchota kisimani kwake! Akamchotea. Maji yaleyale, kwa kata ileile.

Kanuni ziliagiza kwamba atakayeona pengo abandike swali lake kwenye ubao wa mlango wa ushirika, watu wote walione, wote walijadili. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika agizo hilo, kwa lugha iliyopigwa pasi. Kisha akalivunja mara mbili, akiwa amekaa, na kikombe mkononi. Mwalimu akiulizwa hujibu. Ni kama jogoo na alfajiri. Aliwachunga waandishi wawili wasitazamane, asitambue kwamba wote wawili walikuwa wakimtazama yeye.

"Kichwa hajui kwamba na wewe uliniuliza," alisema polepole.

"Hajui. Na mimi sikujua kwamba alikuuliza, mpaka nilipouona uso wako sasa hivi." Binti akarudi kwenye vyombo. "Mimi sitasema mkutanoni, baba. Nikisema, wataniona mkwe anayemzamisha baba mkwe ili yeye aelee. Ukisema wewe, wataamini. Usiposema, basi mimi ni mwizi. Ndivyo ilivyo."

Ukumbi wa ushirika ulijaa mapema. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakitazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja akishuku kwamba jirani yake alijitumia punje usiku kucha. Walipomwona Mwalimu akiingia na mkaza mwana wake nyuma yake, mtu wa safu ya mwisho aliimba kwa sauti ya chini, "Damu nzito kuliko maji!" Mwingine akamjibu, "Huyo si damu, ni mkwe. Ni supu tu." Wakacheka wachache.

"Mwalimu," alisema mwenyekiti, "tuambie. Nani kamnakili nani?"

Mwalimu alisimama. Mwavuli wa Kichwa alikuwa nao, akauegemea kama bakora.

"Hakuna aliyemnakili mwenziwe. Nilikwenda kwa mmoja na kesi tayari mkononi, nikamkatiza. Nikarudi kwa mwingine nikitaka kufanya vivyo hivyo. Wote wawili waliniuliza mimi swali moja, kwa faragha, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wawili niliwajibu. Jibu langu lilikuwa baya. Kosa ni langu."

Kichwa, aliyekuwa safu ya mbele, aligeuka akamtazama binti. Binti akamtazama yeye. Ndiyo mara ya kwanza watu wale kuwaona wawili hao wakitazamana.

"Na wewe ulimuuliza?" Kichwa alinong'ona kwa sauti iliyofika dirishani.

"Kwani wewe peke yako ndiye mwanafunzi?"

Mama Sindano alipiga paja lake. "Kumbe baba wa kile kichanga cha simu yangu ni Mwalimu!"

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Mwalimu hakucheka. Alisubiri kiishe, kama alivyosubiri vicheko vya madarasa mengi.

Muuza vipuri hakuridhika. "Sawa, binti ni msafi. Lakini mimi bado nauliza. Programu mbili, gharama mbili, mafundi wawili, na zote zimekosea. Faida ya kuwa na mbili iko wapi? Si tubaki na moja tu nzuri?"

"Mwenyekiti, hazikuwa mbili," Mwalimu alijibu. "Mahali pale zilikuwa moja iliyovaa kanzu mbili. Ningalinyamaza, huenda mmoja wao angalisoma kabla na mwingine baada. Siku ya kwanza Mama Sindano alipojitumia punje, mashine zingalipiga kelele. Zilinyamaza kwa sababu mimi nilisema. Msifute programu ya binti. Nifuteni mimi. Sifai kuwa mlinzi wa Kanuni. Mtu akiniuliza, siwezi kufunga kinywa."

Walimwondoa. Hawakufanya hivyo kwa furaha, wala hakuna aliyempigia makofi. Mikono ilipanda mmoja mmoja, na wa mkaza mwana wake ukapanda wa mwisho. Punje zilizozaliwa zilifutwa, pamoja na za wengine watatu waliokutwa wamejitumia asubuhi ile ile, ambao waliapa kuwa walikuwa wanajaribu simu. Kichwa na binti wakaagizwa kurekebisha programu zao, kila mtu kivyake, na swali lolote liende ubaoni.

Mwalimu alimrudishia Kichwa mwavuli wake mlangoni. "Sentensi yako," alisema. "Sikukuacha uimalize."

"Umeimaliza wewe, Mwalimu. Vizuri kuliko mimi."

Juma lililofuata, Mwalimu alikuwa akinyoa ndevu, mlio ukapasuka juu ya kabati, mkali kama paka aliyekanyagwa mkia. Aliruka, wembe mkononi. Mashine ilikuwa inawaka nyekundu. Chumbani mwa stoo, mkaza mwana alikuwa akisema kwa simu, na sauti ya Kichwa ilisikika upande wa pili bila msaada wa simu.

"Mtu akijitumia, malipo yakataliwe! Ni upuuzi, hakuna aliyelipwa!" alifoka Kichwa.

"Yapite, salio libaki vilevile! Kanuni hazimkatazi mtu kuwa mpumbavu!"

"Basi ndiyo maana mashine zako zinapigana na zangu!"

"Zako ndizo zinazopigana!"

Binti alitokeza kichwa mlangoni. "Baba! Mwambie huyu mtu!" Na simu mkononi mwake ikadai: "Mwalimu, amua!"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limekwisha kupanda hadi kwenye ulimi, limenyooka, lina mwendo wa mimbari. Mwalimu alipangusa povu shavuni, akavaa viatu, akatoka.

Kwenye mlango wa ushirika alisimama mbele ya ubao. Karatasi mbili zilikuwa zimebandikwa tangu jana, kila moja kwa mwandiko wake, zikibishana. Chini yake fundi seremala alikuwa ameandika maoni, na mtu mwingine akamkosoa seremala. Mwalimu alisoma yote mpaka mwisho. Kalamu ya wino mwekundu ilikuwa mfukoni, mahali pake pa siku zote. Aliigusa, akaiacha humo, akaenda kwa Mama Sindano kuulizia suruali yake.

"Nitakuletea kesho," alisema Mama Sindano.

Huku nyuma, mlio wa mashine za ushirika ulikuwa bado unasikika juu ya paa za mabati.